Snokeli ya kujitengenezea: PVC, chuma cha pua, na viungo vitatu vilivyofichwa ndani ya madigadi

Snokeli ni bomba linaloipa injini ya gari hewa kutoka juu, usawa wa paa, mbali na maji na vumbi. Ya kujitengenezea inaweza kuipa injini hewa sawasawa na ya kununua, na ikipigiwa hesabu vizuri huipita. Inaposhindwa, kosa ni nadra kuwa kwenye lile bomba refu linaloonekana pembeni ya kioo cha mbele. Kosa huwa ndani ya madigadi, kwenye viungo vitatu ambavyo mwenye gari havioni tena baada ya siku ya kufunga: elbo ya chini inapoingia mdomo wa eya klina, mdomo huo unapoingia kwenye boksi lake, na boksi lenyewe, yaani mfuniko wake na kale kampira ka kutolea maji chini. Tathmini hii inapima aina mbili zinazotengenezwa zaidi, ya bomba la PVC na ya chuma cha pua, kwa vipimo hivyo. Sura ni jambo la baadaye.

Kwanza ieleweke kinachozuiwa ni nini. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikakuta maji juu yake, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni kwa chini. Na maji yanayohitajika ni machache mno. Chukua injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser: silinda 6, ujazo wa sentimita 4,164, mgandamizo wa takriban 22 kwa 1. Kila silinda ina ujazo wa sentimita 694, na pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 33 tu. Hivyo ni vijiko vikubwa viwili na tone. Injini ya petroli yenye mgandamizo mdogo ina nafasi kubwa kidogo, lakini si kubwa kiasi cha kumpa mtu amani. Kwa hiyo snokeli "inayovuja kidogo" ni snokeli inayovuja. Ukijua inavuja, ihesabu kuwa ya vumbi tu, na usiingie nayo mtoni.

Upana wa bomba

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika kabla hata msumeno haujaguswa. Mtu huchukua bomba lililopo, hulipaka rangi, hulifunga, kisha hulalamika kwamba gari limekuwa zito mlimani na linatoa moshi mweusi.

Injini hiyo hiyo ya 1HZ ikizunguka mara 3,800 kwa dakika huvuta takriban lita 112 za hewa kila sekunde. Ukiipitisha kwenye bomba lenye upana wa ndani wa milimita 50, hewa hukimbia kwa mita 57 kwa sekunde. Kwenye milimita 73 hushuka hadi mita 27, na kwenye milimita 85 hadi mita 20. Upotevu wa msukumo hukua kwa mraba wa kasi, ndiyo maana tofauti inayoonekana ndogo kwa macho huwa kubwa kwa injini. Elbo moja ya nyuzi 90 yenye kona kali hula msukumo wa kama milimita 200 za maji (yaani urefu wa maji ambao msukumo huo ungeweza kuuinua kwenye hozi) kwenye bomba la 50, kama milimita 45 kwenye la 73, na kama 24 tu kwenye la 85. Weka elbo tatu za aina hiyo kwenye bomba la 50 na umefika milimita 600, kiwango ambacho kwenye injini nyingi za dizeli humaanisha chujio limeziba na linatakiwa kubadilishwa. Yaani umefunga chujio jipya na injini inapumua kama la zamani.

Kwa injini ya dizeli isiyo na tabo (kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), isiyozidi lita 4.2, milimita 73 za ndani zinatosha. Ikiwa na tabo, anzia milimita 76 na uende 85 au 90 kama nafasi ndani ya madigadi inaruhusu, kwa sababu tabo huvuta hewa karibu mara mbili ya ile ambayo ukubwa wa injini ungekufanya udhani. Ukikosa pa kuanzia, pima mdomo wa eya klina uliotoka nao kiwandani. Bomba lako lisiwe jembamba kuliko huo popote, hata kwenye maungio. Na pima kwa ndani. Bomba la PVC linaloitwa la 75 limepimwa kwa nje, na unene wake ukiuondoa hubaki 70 au pungufu.

Kona zinastahili uangalifu kuliko urefu. Mita moja ya bomba lililonyooka huongeza upinzani mdogo sana. Elbo mbili za nyuzi 45 zilizoachana kidogo ni bora kuliko moja ya 90, na kona iliyopindwa kwa mashine, yenye mzunguko wa mara moja na nusu ya upana wa bomba, hula kama robo tu ya ile kona kali ya fundi bomba.

Ya bomba la PVC

Ina mambo mazuri ya kweli. Hukatwa kwa msumeno wa kawaida, huungwa kwa gundi yake bila kuchomelea, haipati kutu, na ukikosea kipande unakata kingine. Viungo vya gundi vikifanywa sawasawa ndivyo visivyovuja kuliko vyote: sugua pande mbili kwa msasa, futa kwa kisafishio cha PVC, paka gundi pande zote mbili, sukuma hadi mwisho huku ukizungusha robo duara, shikilia sekunde 30, kisha acha saa 24. Wanaovuna uvujaji ni wale waliochonga ncha bila kuilainisha ukingo. Ukingo mkali hukwangua gundi yote na kuisukuma mbele, na kiungo hubaki kikavu upande mmoja.

Udhaifu wake ni joto na jua. PVC huanza kulegea ikipita nyuzi 60 za Selsiasi, na karibu na 80 inakuwa laini kabisa. Ndani ya boneti, karibu na ekzosi au tabo, joto hilo hufikiwa bila shida gari likisimama baada ya kupanda mlima. Kipande kilicho chini ya boneti ndicho hujipinda, na kikijipinda kiungo cha kwanza kati ya vile vitatu hufunguka. Nje, jua huifanya iwe kavu na ya kuvunjika. Tawi moja linalogonga kona ya juu linatosha kuipasua. Rangi husaidia sana, lakini isiwe nyeusi. Nyeusi hunyonya joto, na bomba lililofungwa boliti juu na chini halina pa kutanuka, basi hujikunja katikati kama upinde. Sugua kwa msasa wa namba 240, paka praima ya plastiki, kisha rangi ya gari, nyeupe au kijivu.

Kuna pia suala la unene. Mabomba mepesi ya maji machafu yana kuta nyembamba, na kila unapoyatoboa kwa boliti ya kushikilia unaanzisha ufa. Chagua bomba la msukumo, yaani lile la maji ya presha, lenye ukuta wa milimita 3 au zaidi, na lishike kwa bangili inayolizunguka badala ya boliti inayolipenya. Ukichukua hatua hizo, na ukakifanya kipande cha ndani ya boneti kiwe cha mpira au chuma, PVC ni chaguo la heshima kwa vumbi na kwa mito isiyofika kwenye taa za mbele. Zaidi ya hapo nisingeiamini.

Ya chuma cha pua

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa anayevuka maji kweli. Bomba la milimita 76 kwa nje, ukuta wa milimita 1.5, linaacha milimita 73 za ndani. Kona zilizopindwa kwa mashine hupatikana kwa mafundi wa ekzosi, na hapo ndipo pa kuanzia kuulizia. Kwa gari la kawaida utahitaji bomba la mita 1.2 hadi 1.5 kwa sehemu ya wima, kona moja ya nyuzi 90 ya kuingilia madigadi, kona mbili za 45 za kufuata mlalo wa nguzo ya kioo, vipande viwili vya mpira wa silikoni wenye nyuzi ndani vya urefu wa milimita 75 hadi 100, na klipu nne pana za boliti.

Fundi achomelee kwa TIG (uchomeleaji wa umeme wenye gesi ya kukinga mshono), na kila mshono uwe umezunguka wote. Mafundi wa ekzosi wamezoea kushika kwa nukta chache kisha kupitisha mshono upande unaoonekana; kwa ekzosi haina neno, kwa snokeli ni tundu. Kabla ya rangi, ziba ncha ya chini, simamisha bomba, lijaze maji na uliache nusu saa juu ya karatasi kavu. Karatasi itakwambia kama mshono umekamilika. Uchomeleaji wote ufanyike bomba likiwa limetolewa kwenye gari, kwa ajili ya umeme wa gari na kwa ajili ya rangi.

Chuma cha kawaida cha ekzosi hufanya kazi pia, ila huliwa na kutu kutoka ndani, mahali usipoweza kupaka rangi vizuri. Maganda ya kutu hukamatwa na chujio, hivyo injini haiumii, lakini siku moja kutu itatoboa kwenye kona ya chini, ambako unyevu hukaa. Uzito ni kasoro ya vyuma vyote viwili. Bila bangili imara kwenye nguzo ya kioo, mtikisiko hupasua bati la madigadi kuzunguka tundu.

Tukizilinganisha na za kununua, kama zile za Safari za Australia zinazotengenezwa kwa plastiki ya polithini iliyokingwa dhidi ya jua, ya kununua inashinda kwa mambo mawili: inafuata umbo la bodi, na inakuja na kiolezo cha karatasi kinachoonyesha mahali pa kutoboa. Hiyo ya pili ina thamani kubwa kuliko inavyosifiwa. Lakini hata ya kununua hukuachia wewe kazi ya kuziba boksi la eya klina, na hapo zote zinakuwa sawa.

Kutoboa na kufunga

Tengeneza kiolezo cha kadibodi na ukishike kwa utepe, kisha fungua boneti na mlango kabisa uone kama bomba litagusa. Ng'oa taa ya pembeni na plastiki ya ndani ya tairi, uangalie nyuma ya bati: nyaya, antena, chupa ya maji ya kioo, na bati la pili la ndani ambalo mara nyingi lina umbo jingine. Ondoa waya hasi wa betri. Toboa tundu dogo la milimita 3 kwanza kutokea nje, hakikisha limetokea ulipotarajia, ndipo uingie na kikata tundu cha duara kwa mwendo mdogo na tone la oili. Tundu liwe kubwa kuliko bomba kwa milimita 4 hadi 6. Kwangua ukingo, paka praima ya zinki tabaka mbili, uvike ukanda wa mpira. Vumbi la chuma lote liondolewe kwa sumaku na hewa siku hiyo hiyo, la sivyo asubuhi utakuta nukta za kutu kwenye rangi.

Nguzo ya kioo inahitaji tahadhari ya pekee. Magari mengi ya kisasa yana mfuko wa hewa wa pembeni unaopita humo, pamoja na nyaya zake. Vua plastiki ya ndani uone kabla ya kutoboa, na tumia skrubu fupi au nati za kuriveti, kamwe si skrubu ndefu ya kubahatisha. Kama mfuko unapita pale unapotaka kutoboa, hamishia mshikio chini kwenye madigadi na ongeza bangili ya pili.

Kichwa cha juu kiishie usawa wa paa. Kikielekea mbele hukusanya mvua, kwa hiyo toboa matundu mawili ya milimita 5 nyuma, chini ya mdomo, maji yatoke kabla hayajashuka. Kukielekeza nyuma kwenye vumbi na mvua kubwa hakuna madhara yanayoonekana kwa injini. Usitoboe tundu la kutolea maji chini ya usawa wa boneti hata likiwa dogo kiasi gani. Hilo ndilo litakalonyonya mto.

Sasa vile viungo vitatu. Kati ya bomba na mdomo wa eya klina weka mpira, si bomba gumu kwa gumu, na uache nafasi ya milimita 5 kati ya ncha mbili ndani ya mpira ili zisigongane. Mpira wa mikunjo unaouzwa kwa mashine za maji usiuchukue: ndani una matuta yanayovuruga hewa, nje hupasuka kwenye mkunjo, na tabo yenye nguvu huufyonza ukabonyea. Kama boksi limefungwa kwenye injini badala ya bodi, mpira uwe mrefu zaidi, kwa maana injini hucheza.

Kiungo cha pili ndicho cha hila. Mdomo wa kiwandani mara nyingi umesukumwa tu kwenye boksi, na kiwanda hakikukusudia uzuie maji. Mtu hupaka silikoni akaridhika. Boksi hizi nyingi ni za polipropilini, plastiki ambayo gundi na silikoni hazishiki. Hukauka, huonekana nzuri, kisha hubanduka kama ganda. Dawa yake ni kubana, si kugandisha: kata bati la alumini la milimita 3 lenye shingo ya bomba, weka mpira wa milimita 3 chini yake, ringi nyingine ya bati kwa ndani, na ufunge kwa boliti 6 za M5 (unene wa milimita 5) zenye nati za kujifunga. Nati zote zibaki upande mchafu wa chujio, yaani kabla hewa haijachujwa, ili hata moja ikilegea isiende kwenye injini. Ukihitaji silikoni ya kusaidia, chukua isiyonuka siki, maana ile yenye siki hula chuma.

Cha tatu ni boksi. Chini yake kuna kampira kenye mdomo kama wa bata, ka kudondoshea maji na vumbi. Kakikauka hakafungi tena, na boksi likizama maji hupanda humo moja kwa moja, snokeli yote ikiwa kazi bure. Kuna wanaolipiga gundi tundu hilo moja kwa moja. Silipendi wazo hilo, kwa sababu mvua iliyoingia juu haina tena pa kutokea. Kizibo cha mpira chenye klipu, kinachotiwa kabla ya maji na kutolewa baadaye, ni bora. Mpira wa mfuniko upakwe grisi ya silikoni, na vibanio vyote viwe na nguvu ya kweli.

Kupima

Washa injini iwe saileo, yaani izunguke polepole bila kukanyaga mafuta, kisha ziba kichwa cha snokeli kwa ubao uliovikwa mpira. Usitumie kiganja, hasa kwenye tabo. Injini inatakiwa kuzima ndani ya sekunde chache. Ikikohoa na kuendelea, kuna hewa inaingia mahali, na penye hewa maji yatapita. Weka kipande cha hozi sikioni, pitisha ncha nyingine juu ya kila kiungo, na mluzi utausikia. Injini ikiwa imezima, waweza pia kupuliza hewa ya nguvu ndogo kutoka kwenye mashine ya kufyonzea vumbi huku ukipaka maji ya sabuni. Hewa ya kompresa moja kwa moja itachana mfuniko.

Kwa upinzani, chukua hozi nyembamba inayoonekana ndani, ipinde kama herufi U, itie maji nusu, na ncha moja uichomeke kwenye boksi baada ya chujio. Pima tofauti ya urefu wa maji kati ya pande mbili za U, kwa mzunguko wa juu, kabla ya kufunga snokeli na baada ya kufunga. Kipimo kikiongezeka kwa zaidi ya milimita 150, rudi kwenye kona zako.

Rudia jaribio la ubao baada ya kilomita 1,000, maana klipu hulegea mpira ukishajipanga, kisha kila baada ya miezi 6.

Mipaka yake

Snokeli haibadilishi kina kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oltaneta, feni na kompyuta ya injini viko pale pale. Feni ya mkanda ikipiga maji mengi hupinda mbele ikachana rejeta. Nenda mwendo wa mtu anayetembea, ukisukuma wimbi dogo mbele ya bampa, bila kubadili gia. Difu, giaboksi na transfa kesi (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma) zina tundu za kupumulia, na difu yenye moto ikiingia kwenye maji baridi hewa yake husinyaa, ikafyonza maji kupitia sili. Vuta hozi ya milimita 8 isiyoyeyushwa na oili kutoka kila tundu hadi juu karibu na kichwa cha snokeli, na uache ulegevu wa kutosha kwa mchezo wa springi. Kwa maoni yangu kazi hii ifanywe siku ile ile, na kama muda unatosha kazi moja tu, ianze hii.

Injini ikizima ndani ya maji, usiiwashe tena, hata mara moja. Ivute nje, fungua chujio. Likiwa kavu na sakafu ya boksi kavu, tatizo ni jingine. Likiwa limelowa, ng'oa plagi za kupasha au nozeli, kwenye petroli plagi za moto, zungusha kwa stata maji yaruke nje ya silinda, kausha njia yote ya hewa, na ukague oili ya injini na ya difu zote mbili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imwage kabla gari halijatembea.